Jiwe Kubwa na Jiwe Dogo

9 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pekee,

Pokea salamu tele, zikikuzidi weka akiba. Sisi hapa wazima. Mkaza mjomba wako ameanza kuvaa miwani na sasa anaona kila kitu, hata vile ambavyo kwa amani ya nyumba angeviacha. Paka wetu amezaa kwenye droo ya kabati nililotaka kulipeleka mnadani. Sasa kabati lina wapangaji, siwezi kuliuza.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea sufuria, imekufa kifo cha heshima. Nikasema poa, simu ni ya watu wenye haraka. Msomi wa ualimu aandikiwe barua, akosoe na makosa. Wewe kosoa tu. Ila ujue darasa la sita nililiacha mimi, si lenyewe lililoniacha.

Mama yako ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba umemaliza shahada yako ya fizikia, umevaa joho, umepiga picha umenuna, halafu umerudi tena chuoni mwaka mzima kusomea ualimu wa sekondari. Safi sana. La pili, kwamba wiki ijayo mnapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na tangu upate habari hiyo chakula hakipiti. Anasema unataka kuacha.

Sasa tulia. Anayekuandikia ni Nyundo, na jina hilo sikujipa, nimepewa na soko zima. Nimenadi vitanda, makochi, majiko na cherehani katika miji ambayo wewe umeiona kwenye ramani tu. Kuna bwana mmoja alileta kitanda chake mnadani asubuhi, mchana nikamuuzia kilekile, akaondoka ananishukuru. Nimesimama mbele ya umati wenye njaa, jua la utosini, nikaunyamazisha kwa neno moja. Leo mtoto wa dada yangu aogope watoto waliovaa sare?

Dawa ni moja: paza sauti. Darasa ni mnada tu. Toa sauti tumboni, isitoke kooni, waisikie mpaka jikoni kwa mpishi wa shule.

Usiache. Naisubiri siku ya kukuita Mwalimu. Kwa sasa sikuiti, jina hilo sikukopeshi.

Niandikie kila kitu. Wala usipige simu, nimekwambia imekufa.

Mjomba wako,
Nyundo


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nisalimie mkaza mjomba na miwani yake, na paka na wanawe. Mama hajambo. Watu wakimuuliza habari zangu anawaambia mwanawe ni mwanafizikia. Neno mwalimu bado linamkwama. Mimi nimepanga chumba nyuma ya duka la madaftari. Kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Nimeuzoea ukuta, hauniulizi maswali.

Nimepewa Kidato cha Pili B. Wako zaidi ya sitini, dawati la wawili wanakaa watatu. Siku ya kwanza niliingia na andalio la somo la kurasa nne, kila dakika nimeipangia kazi yake. Nilipofika mlangoni wakasimama wote kwa kishindo: "Shikamoo, mwalimu!" Nikafungua mdomo niitikie marahaba. Hakikutoka kitu.

Si kwamba ilitoka ndogo, Mjomba. Haikutoka. Walibaki wamesimama, wananitazama. Kule nyuma kuna msichana mrefu wanayemwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo asilolipinga, hata jina lake likiitwa kwenye mahudhurio. Akasema, "Mwalimu, tukae, au tumeshahukumiwa?" Darasa likaangua kicheko. Sauti ilipokuja, ilikuwa kama ya hao watoto wa paka wako.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kipindi napita chooni, nyuma ya ofisi ya walimu, natapika, nasukutua, ndipo nachukua chaki. Mwalimu wangu mlezi, yule wa fizikia wa hapa shuleni niliyekabidhiwa kwake, anasema hata yeye alitapika muhula mzima. Simwamini. Ni mwanamke ambaye akikohoa tu, darasa la jirani linafungua madaftari.

Mkufunzi atakuja kutoka chuoni mara mbili, akae nyuma anipime. Mara ya kwanza Aprili, ya pili Juni. Nikianguka zote mbili sipati cheti, na hakuna kurudia. Basi, ualimu utakuwa umeishia hapo. Mwenzangu mmoja ananiita maabara ya kiwanda cha sabuni. Kule ni chupa tu. Chupa hazicheki.

Jambo moja, Mjomba. Jumapili nilipiga simu ya mkaza mjomba. Akasema umelala. Lakini nilisikia mtu akigonga kijiko kwenye kikombe, ko, ko, ko, vile unavyogonga wewe ukitaka chai. Siku hizi unalala huku unagonga?

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Kuhusu kijiko, ni paka.

Hapa nimestarehe kama mfalme aliyestaafu. Uwanja wa mnada umefungwa, wanakarabati paa. Mkaza mjomba wako ananinywesha maji ya uvuguvugu asubuhi, mchana na jioni, utadhani mimi mche wa mchicha. Nakunywa. Ukishaoa mwanamke mwenye miwani hubishani.

Sasa hao wanafunzi wako. Nimesoma barua yako mara nyingi, nimecheka kwa huyo Wakili, halafu nikaacha kucheka. Nikakumbuka nimekupa nusu ya dawa. Leo nakupa nyingine, na hii hata wanadi wakubwa nimewanyima.

Unainua bidhaa juu. Humtazami mtu, unaitazama bidhaa, kama vile ungependa uondoke nayo wewe. Unauliza, "Nani anaanza?" Hapo pana kimya. Daima pana kimya. Usikiogope, kila mnada huanza hivyo, kwa sababu kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuonekana mjinga. Wao wanaogopa kuliko wewe, ila wewe ndiye unayeonekana. Subiri. Mmoja atajitosa. Akijitosa umemaliza kazi, unauliza tu, "Nani anaongeza?" Watapandishana wenyewe. Wakifika juu kabisa: mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Ko! Imeuzwa.

Na kanuni usiyoichezea: nyundo ikishagonga, hakuna kurudi. Ukirudi nyuma siku moja, kesho watakupanda kichwani.

Hukumbuki, lakini mimi nakumbuka. Ulikuwa hujaanza shule. Nikakusimamisha juu ya meza pale uwanjani, ukanadi sufuria isiyo na mfuniko. Uliwakaripia watu wazima, "Nani anaongeza, nyinyi?" Ukaiuza. Sauti unayo. Imejificha tu, kama mpangaji aliyesikia hodi ya mwenye nyumba.

Mwisho wa mwezi huu nina safari ndogo ya shughuli zangu. Barua ikichelewa usihangaike.

Nyundo


14 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Amepata majirani wanaofuga kuku ndani, analalamika kila siku, lakini nimegundua kuku wote ameshawapa majina. Koo langu linawasha kama limesuguliwa na msasa. Nimefuata dawa yako ya kupaza sauti.

Mkufunzi alikuja Jumatano. Ni mzee mwembamba anayetembea na mto wake wa kukalia kwapani. Akauweka kwenye dawati la nyuma kabisa, pembeni ya Wakili, akaketi, akatoa kalamu. Nikainua mawe mawili niliyookota uwanjani, moja kubwa kama ngumi, jingine dogo kama kokwa. Nikauliza, "Nikiyaachia kwa pamoja, lipi litafika chini kwanza?"

Kimya. Nikakukumbuka. Nikayatazama mawe kama vile ningependa niende nayo nyumbani. "Nani anaanza?"

"Dogo," mmoja akasema chinichini.

"Dogo! Nani anaongeza?"

Mjomba, waliwaka. "Kubwa!" "Inategemea, mwalimu!" "Kubwa! Kubwa!" Wengine wamesimama juu ya madawati. Kwa mara ya kwanza tangu nikanyage pale sikuogopa chochote. Nilisahau hata mto wa mkufunzi. "Kubwa" ikawa inatoka pande zote, nami niko juu, natoa sauti tumboni. Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Nikagonga dasta mezani, vumbi la chaki likapaa. "Imeuzwa! Jiwe kubwa!"

Jibu ni kwamba yanafika pamoja. Nimelijua tangu nilipokuwa kwenye kidato hichohicho. Lakini mnada unamuuzia aliyefika juu zaidi, na mimi nikauza kwa waliopiga kelele zaidi.

Wakili akasimama. "Mwalimu, kitabu kinasema yanafika pamoja."

Unajua nilimjibu nini? Mdomo wangu, umejaa mnada, ukasema, "Nyundo ikishagonga, hakuna kurudi."

Na wakaandika. Niliona vichwa vyote vimeinama, wanaliandika jiwe kubwa kwenye madaftari yao, kwa sababu mwalimu amesema. Wakili peke yake hakuandika.

Mkufunzi alichukua mto wake. Mlangoni akaniuliza, taratibu kabisa, "Binti, pale palikuwa darasani au sokoni?" Nimeanguka. Imebaki moja, na siijui nitaiendeaje. Usiku nikifumba macho naona vile vichwa vinaandika. Ule woga wa kuchekwa sasa naona ulikuwa mdogo. Hawakunicheka, Mjomba. Waliniamini.

Nilitaka nikusimulie kwa mdomo. Nikapiga simu ya pale uwanjani, akapokea mpakiaji mizigo wenu, yule mnayemwita Profesa. Nikamuuliza paa limefikia wapi. Akasema, "Paa lipi?" Mnada upo kila Jumamosi. Ila Nyundo, anasema, hajagonga tangu mwezi wa kwanza.

Una nini? Na usiniambie ni paka.

Mpwa wako


11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Natumaini mko wazima, naandika hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa. Kwetu ni wazima.

Baada ya ile barua sauti yangu ilikatika kabisa. Zahanati wakaniambia nisiseme neno, hata kunong'ona. Ningebaki chumbani na ukuta wangu, lakini mwalimu mlezi alikuwa anasimamia mtihani na hapakuwa na wa kulishika darasa. Nikaingia. "Shikamoo, mwalimu!" Nikainua mkono. Nikaandika ubaoni: Leo sina sauti.

Nilisubiri kicheko nikiwa nimewapa mgongo. Nikamsikia Wakili anaisoma ile sentensi kwa sauti, halafu anasema, "Nyie, nyamazeni. Mwalimu hana sauti." Wakanyamaza. Nikaandika swali, wakajibu. Jibu sahihi nagonga dasta mara moja, kosa nagonga mara mbili. Hadi kipindi kinakwisha darasa zima lilikuwa linanong'ona, wala hakuna aliyewaambia wanong'one.

Ungedhani nilifurahi. Nilirudi chumbani nikafunga mlango, nikajaribu kusema jina langu. Kapa. Nikajishika koo. Nikawaza, isiporudi je? Nikiita mtu barabarani asigeuke? Nilikaa kitandani nimejishika koo hivyo hivyo, na katika kukaa ndipo nikakumbuka kijiko. Nikakumbuka maji ya uvuguvugu, simu iliyokufa kwenye ndoo, na huyu mtu aliyekuwa akipiga simu kuniuliza tu kama nimeamka vizuri, leo ananiambia simu ni ya wenye haraka.

Mjomba, nimejua kwa nini unaandika barua.

Yangu imerudi. Ya kwako je? Kama ni kweli, gonga mara moja.

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Ko.

Salamu kwanza, maana adabu hazijavimba. Mkaza mjomba hajambo. Paka na wanawe wamehama kabatini, wamehamia kwenye kiatu changu cha harusi. Kabati liko huru sasa. Aliyekosekana ni wa kulinadi.

Ilianza kama mafua mwisho wa mwaka. Sauti ikawa ya mlango usiotiwa mafuta, nami nikawaambia watu ni mtindo mpya. Mwezi wa kwanza, siku ya mnada, nimeinua jiko juu, nikasema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili. Ya tatu haikuja. Watu wakangoja. Nikagonga bila kusema, wakapiga makofi, wakadhani ni mbwembwe za Nyundo. Nikashuka mezani. Sijapanda tena.

Daktari ameingiza uzi wenye jicho puani mpaka kooni, akanionyesha kwenye kioo. Kuna uvimbe umekaa juu ya nyuzi za sauti, umejikunja kama paka kwenye droo. Lazima ukatwe. Ukiwa mdogo wanautoa na kuacha nyuzi. Ukiwa umetambaa wanatoa sanduku zima la sauti, nibaki napumua kwa tundu hapa shingoni. Hawawezi kujua mpaka wafungue. Na nisipokatwa, amesema, sitabishana naye muda mrefu.

Ile safari ya shughuli zangu niliyokuandikia ilikuwa ya huko. Nikaenda kweli. Wakanivika gauni linalofungwa mgongoni. Nikaketi kitandani kama bwana. Muuguzi alipotoka kumwita mwenzake, mimi nikashika mlango wa nyuma. Nimevuka barabara na gauni lao, mgongo nje, mimi niliyetembea miji minne na suti. Mwenye duka la viatu akaniona, akapiga ukelele, "Nyundo! Leo unauza nini?" Soko zima likacheka, na mimi mwenyewe ningecheka. Kilichoniua ni kwamba sikuweza kumjibu.

Wamenipa tarehe nyingine, kumi na saba Juni. Sitaki. Maisha yangu yote nimesema "nani anaongeza." Ukiniondolea hilo, anabaki mzee mwenye nyundo tu, na nyundo hata seremala anayo. Naogopa. Nimeliandika neno hilo nimelitazama sana, sijawahi kuliandika. Niambie kama herufi zimekaa sawa.

Usimwambie mama yako. Usije. Au njoo. Hapana, una mtihani wako, usije.

Na kuhusu ile kanuni ya nyundo, ulinifuata mno. Mimi nimerudisha bidhaa mara nyingi tu, hasa mnunuzi akiwa mwenye kifua. Haya, rudisha jiwe la watoto wa watu.

Nyundo


5 Juni

Mjomba, shikamoo.

Herufi zimekaa sawa. Nimeisahihisha barua nzima na hilo ndilo neno pekee ambalo sikuligusa.

Mama hajui kitu. Nimemwambia unamsalimia na umenenepa. Mwalimu mlezi ananiuliza kwa nini sili, nimemwambia ni mtihani. Ni kweli nusu.

Nina bidhaa ya kunadi. Mkufunzi ametupa nafasi ya kuchagua siku. Wenzangu wote wamekimbilia mwisho wa mwezi. Mimi nimeandika tarehe kumi na saba, kipindi cha kwanza, saa mbili. Mkaza mjomba ameniambia, na usimkasirikie kwa kuniambia, kwamba nawe utaingizwa saa mbili.

Kiwanda cha sabuni wananitaka nianze wiki hiyohiyo. Mkoba uko karibu na mlango. Nawe najua unajua mlango wa nyuma uko wapi. Kwa hiyo bei yangu ni hii: wewe ukiingia, naingia. Ukikimbia, nami niko zangu kwenye chupa. Sitakuwa na namna ya kujua kama umekimbia. Nitaingia nikiamini, na wewe utakuwa unajua kwamba naamini.

Wewe jiwe kubwa, mimi jiwe dogo. Kitabu kinasema yakiachiwa pamoja yanafika pamoja. Nimelifundisha vibaya mara moja, sitaki kulikosea tena.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu nakuachia.

Mpwa wako


17 Juni, jioni

Mjomba, shikamoo.

Sijui unasomewa barua hii ukiwa wapi. Nasema hamjambo, na natumaini.

Nilitapika, nikasukutua, nikaingia. Mkufunzi na mto wake wakaketi palepale. "Shikamoo, mwalimu!" Marahaba ikatoka. Nikasema, "Bidhaa niliyowauzia Aprili ilikuwa mbovu. Naomba mnirudishie. Fungueni mlipoandika jiwe kubwa, mpige mstari." Kalamu ya mkufunzi ikasimama. Nikasikia kalamu sitini zinakata.

Nikamwita Wakili mbele. "Fumba macho. Nitaangusha mawe mawili. Mlio wa kwanza utakaousikia, uniambie ni wa lipi." Nikapanda juu ya meza, mikono imenyooka, jiwe huku, jiwe huku. Kikawa kimya kile chako. Wote wakanitazama, na hakuna aliyecheka. Nikawaza, sasa hivi wanasukuma kitanda chake. Nikaachia.

Ko.

Wakili akasema, macho bado amefumba, "Mwalimu, mbona umeangusha moja?"

"Fumbua."

Alitazama sakafu, yako mawili. Akatazama mikono yangu, mitupu. Mjomba, Wakili hakuwa na la kupinga. Halafu darasa likalipuka, rudia, rudia, hata mkufunzi amesimama nyuma kule ananyoosha shingo aone sakafu, mto umeanguka.

Mwishoni aliniambia tarehe ya ubaoni niliikosea, nimeandika kumi na nane. Nikasema samahani. Akasema, "Mengine yote ni sawa, Mwalimu."

Nimepita. Nimelisema hilo kwa sauti peke yangu chumbani na halikunipa raha. Nimepiga simu ya mkaza mjomba tangu saa sita, inaita tu. Naogopa kuliko siku zote nilizopita chooni asubuhi. Uliingia? Ulifika chini?

Mpwa wako


12 Julai

Mwalimu, shikamoo.

Usiitikie, nitaharibikiwa. Lakini nilisema nitakuita siku ukistahili, na mimi nikiita naita na shikamoo yake.

Mkaza mjomba wako hajambo. Ile simu haikupokelewa kwa sababu aliisahau nyumbani, miwani akaiweka kwenye friji, siku ile hakuwa mtu. Nashukuru kesho yake alikupigia akakwambia nimetoka. Mama yako ameshajua, amekuja, ameninunia siku nzima halafu akanikata kucha. Paka amemtoa mwanawe mmoja kiatuni. Wengine bado wamepanga.

Niliingia, mpwa wangu. Wakanivika lile gauni, nikaketi, muuguzi akatoka, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kabisa, upepo unaingia. Nikatazama saa ya ukutani. Mbili kasoro. Nikajiambia sasa hivi anasukutua, anachukua chaki. Nikajilaza, nikashika ule ubao wa kitanda. Nikagonga ya tatu kwa kidole.

Uvimbe wameutoa. Walichokata wamekipima, wanasema umetoka wote. Sanduku wameliacha, ila uzi mmoja wameukwangua sana. Nisiseme neno mpaka kidonda kikauke, ndipo nijaribu. Sauti inaweza kuwepo, inaweza kuwa ya mtu mwingine, inaweza isiwepo.

Daktari aliniruhusu kujaribu tangu Jumatatu.

Sijajaribu. Mkaza mjomba wako na mama yako wanapita mlangoni wakijifanya wanafagia. Sakafu haijawahi kuwa safi hivi. Asubuhi nafungua mdomo, naufunga. Nikiwa kimya, bado ipo. Nikijaribu ndipo nitajua, na nikishajua sitaweza kurudi kwenye kutokujua. Mimi niliyesimama mbele ya miji, naogopa neno moja kwenye chumba changu mwenyewe.

Basi nakuomba uje shule zikifungwa. Mimi nitasubiri. Wewe umewahi kusimama mbele ya watu hakikutoka kitu, na kesho yake ukaingia tena. Hakuna mwingine ninayemjua wa hivyo. Njoo na dasta. Nimekuwekea meza pale dirishani, na lile kabati nimelisogeza liwe ubao. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, kule kwa watundu. Ingia kama unavyoingia kwao. Mimi nitasimama kwa kishindo nikuamkie.

Ikitoka, gonga mara moja. Isipotoka, usinionee huruma. Andika ubaoni, tuendelee na somo.

Mwanafunzi wako,
Nyundo